Mdogo Wangu na Maneno Asiyoyaandika

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja kuangalia nani analia na nani anajifanya, kabla sijasoma nawaapisha wote, mchungaji akiwemo, kwamba nitakayoyasema hapa hayatavuka geti lile, kwa sababu marehemu aliniapisha nisimwambie mtu hata mmoja, nami nikaapa, na leo nawaambia watu mia mbili kwa kipaza sauti, basi kiapo nilichokivunja mimi, nyinyi kishikeni. Mimi ni dada yake mkubwa, shule niliishia darasa la nne, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa wengine wote wanaogopa.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1951, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho, akachelewa kusema mpaka tukadhani ni bubu, na alipofika miaka mitatu neno lake la kwanza likawa "hapana", mama akasema huyu atakuwa ama hakimu ama mume msumbufu. Hakimu hakuwa, hilo la pili wifi yangu yupo hapa, muulizeni kwa wakati wake.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970, somo alilolipenda lilikuwa ramani, akikaa sakafuni kwenye vipande vya ngozi za viatu anachora mipaka ya nchi ambazo hata mwalimu wake hakuwa amezisikia, na ukimkanyagia nchi moja halali mpaka umwombe radhi. Tarehe 3 Aprili 1972 akaajiriwa kuwa karani wa masjala katika wizara ya mambo ya nje, ghorofa ya pili, chumba namba 14, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, kazi yake ikiwa kupokea mafaili, kuyagonga mhuri na kuyapeleka kwa wakubwa, lakini yeye njiani aliyasoma, na huko ndiko alikogundua, kama alivyokuwa akiniambia, kwamba vita huanza na barua yenye adabu sana.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Aprili 1978, na mpiga chapa wa ghorofa hiyohiyo, ndoa ambayo mimi niliipinga na nikashindwa, na leo nasema mbele yenu kwamba nilikosea, wakajaliwa watoto watatu, mwalimu wa hesabu, muuguzi na fundi umeme, na wajukuu saba. Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, akakabidhi mhuri, akarudi nyumbani kukaa barazani, na kila jioni, kama walivyozoea tangu mwaka 1987, alicheza drafti na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwalimu wa madrasa, ambaye akipanga kete humwuliza, "Karani, leo umekuja kufungwa au umekuja kuaga?", naye humjibu, "Mwalimu, panga zako, dua utaomba ukishafungwa", na hivyo ndivyo walivyoishi miaka ishirini na sita bila kugombana hata kwa sauti ya redio.

Sasa ndipo penyewe. Tarehe 4 Oktoba 2009 marehemu alianza kuandika makala kila Jumapili katika gazeti la wiki, baada ya Bwana Mhariri, aliyekaa pale mbele na miwani yake, kumfuata barazani na kumwambia, "Mzee, wewe umeyaona mafaili, sisi tunakisia tu", na ilikuwa kweli, maana siku zile serikali imepeleka wanajeshi ng'ambo ya mpaka kupigana na wale wanamgambo wanaoua kwa jina la dini, mabomu yakawa yanalipuka sokoni, na kila mwenye mdomo alikuwa na la kusema isipokuwa mwenye kujua. Mdogo wangu aliandika kwa kalamu, wifi akapiga chapa, nakala moja ikaenda gazetini, nyingine wifi akaiweka chini ya mashuka kabatini, kwa ile tabia ya masjala kwamba barua haitoki bila nakala.

Lakini makala ilitoka nyumbani imevaa shati, ikifika gazetini inavuliwa na kupewa panga. Yeye aliandika kwamba wizara imekubali masharti ya mataifa makubwa bila kuuliza wanajeshi watarudi lini, gazeti likatoka na "mbwa koko wa wizarani wanaotikisa mkia wakirushiwa mfupa". Jumatatu alikuwa anakwenda gazetini kugomba, Bwana Mhariri anamwambia, "Mzee, ukweli usiowasha hausomwi", anarudi amekunja uso, anaapa haandiki tena, na Jumapili huyoo, ananunua gazeti, moja la kusoma na moja la kuweka. Kwa kinyozi wanaume wanalisoma kwa sauti, njiani anaitwa Mzee wa Shoka, na mtu aliyetazama ukuta miaka thelathini na nne, ndugu zangu, akisalimiwa na asiowajua hulewa. Nilimwambia, mdogo wangu, shoka si lako, wewe ni mpini tu, akanijibu, "Dada, lakini wananisoma", na jibu hilo lilinikera kuliko matusi yenyewe, na linanikera mpaka leo alipolala hapa.

Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2013, wiki ya bomu la stendi, gazeti likatoka na jina lake juu, likisema, "Madrasa za uchochoroni ni mazalia ya mbu, na mjinga ni yule anayesubiri mbu waruke ndipo atafute dawa." Siku ya pili vioo vya madrasa ya jirani vilipigwa mawe, wazazi wakawatoa watoto wao, na kati ya sitini na wanne wakabaki kumi na tisa. Mwalimu akaja na gazeti limekunjwa, mimi niko palepale nachambua mchele, akauliza kwa upole, "Karani, neno hili ni lako?", na mdogo wangu akaliangalia gazeti muda mrefu kama anayelisoma mara ya kwanza, kisha akasema, "Jina si ni langu." Hapana yake ya utotoni siku hiyo sijui ilikwenda wapi. Mwalimu akaaga kwa adabu, na drafti ikaishia hapo, miaka kumi na kitu, mtu na jirani yake wanasikizana kukohoa ukutani na hawasalimiani.

Tarehe 3 Februari 2023 marehemu alipata kiharusi cha kwanza, akalazwa hospitali ya serikali, wodi namba mbili, kitanda cha karibu na mlango, na huko ndiko alikonishika mkono akaniapisha, "Dada, nikifa usimtaje Mhariri, ndiye aliyenipa jina." Tarehe 28 Agosti kikampiga cha pili kikamchukua sauti, na mwalimu wa madrasa, aliposikia, alikuja kumtazama, akasimama miguuni pa kitanda, mdogo wangu akajitahidi kusema, mdomo umepinda, machozi yanamtoka, ikatoka sauti tu, na mwalimu akamwambia, "Usijisumbue, Karani, pona kwanza", akampa maji akidhani ndiyo anayoyataka. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa tisa alasiri, bila kuisema ile hapana.

Basi naisema mimi. Wifi alifungua kabati juzi, na nakala ya wiki ile ni hii hapa, nasoma kama ilivyo, "Wanaoua kwa jina la Mungu wamewaua Waislamu wenzao wengi mno, na serikali inayotaka kuwashinda ianze kwa kukaa na walimu wa madrasa, mmoja wao ni jirani yangu, aliyewafukuza wachochezi wawili mlangoni kwake kabla polisi hawajawasikia." Mwalimu, wewe uliyesimama kule nyuma, hayo ndiyo aliyoyaandika juu yako. Kosa lake ni kunyamaza, na ni kosa kubwa, simtetei, lakini mbu hawakuwa wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili waliomgeuza kila saa mbili bila kuchoka, inawashukuru majirani, hasa mwalimu wa madrasa, ambaye mabenchi mliyokalia ni ya watoto wake, ameyaleta mwenyewe tangu Jumatano bila kuulizwa. Inawashukuru na wenzake wa gazetini, akiwemo Bwana Mhariri, aliyeniomba historia hii Alhamisi, akasema ananinyooshea koma tu, akairudisha jana imepigwa chapa, ndizo nakala mlizogawiwa, na wenye kufuatilia wameshaona kwamba ninachosoma kwenye daftari langu sicho kilichomo humo. Fungueni ukurasa wa pili, aya ya tatu, pameandikwa, "Marehemu hakuwahi kuwaonea haya fisi wenye ndevu wala viwavi wa wizarani waliowalisha", na mimi katika maisha ya mdogo wangu sikuweka fisi wala kiwavi, ila pembeni mwa daftari, kwa wino wa kijani usio wangu, pana maneno mawili, "Ongeza makali".

Na mstari huu niliuandika jana baada ya chakula, nikijua kwamba nikifika hapa Bwana Mhariri atakuwa na nakala gotini na kalamu mkononi ananisahihisha, kwa hiyo waliokaa kushoto kwake wageuke taratibu wamtazame, na wewe, Bwana Mhariri, usiifiche kalamu hiyo wala usiifunike kofia yake, ni wino wa kijani huohuo, iache hapohapo watu waione.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, yako nimeyasoma kama ulivyoyaandika.