Verdiana, Mlisha Panya wa Bukoba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Verdiana wa Kemondo, mke wa Mzee Lwakatare. Verdiana alikuwa mlisha panya.

Ndiyo, panya. Ilikuwa mwaka 1958, enzi za Mwingereza, katika maabara moja pale Bukoba. Panya weupe, wasafi kuliko sahani. Majirani walimcheka: "Waitu, ndugu yetu, sisi tunawafukuza, wewe unawapikia!" Naye akajibu, "Wangu hawaibi karanga zenu."

Wataalamu walitaka kujua mwili unavyopigana na minyoo. Panya wengine walipewa dawa ya kuulaza ulinzi wa mwili. Kisha wote wakatiwa minyoo. Wasiopewa dawa waliishinda. Waliopewa, minyoo ilizaana ndani yao mpaka wakafa. Verdiana ndiye aliyewatoa vizimbani.

Halafu pumu ikambana yeye mwenyewe. Daktari wa maabara akampa vidonge. Dawa ileile, wasikilizaji. Ile waliyopewa panya. Akapumua, akarudi kupalilia migomba kibanjani. "Baba Damian," alimtania mumewe, "na mimi sasa ni panya wao." Lwakatare hakucheka. Mkewe alilima pekupeku tangu utoto. Minyoo ya udongoni, inayopenya nyayo, ingemkosaje?

Haukupita muda, tumbo likamkata, akawa anakohoa damu. Lwakatare akatembea mpaka maabara. Hamidi, mkalimani, akampelekea daktari swali lake: dawa iliyoua panya, mke wangu anapewa ya nini? Jibu likarudi fupi.

"Mzee, daktari anasema mtu si panya. Nenda ukampe uji."

Verdiana hakuifikia Jumapili. Madaktari walipoupasua mwili wake waliikuta minyoo imejaa mapafuni. Minyoo ambayo hakuna aliyeitafuta akiwa hai.

"Panya walipimwa choo kila asubuhi," anatuambia Mzee Lwakatare, uso ameuelekeza ukutani. "Mke wangu hakupimwa hata mara moja. Na wale wakubwa wa maabara, nani aliwauliza? Walihamishwa tu, wakapewa nyumba nzuri zaidi."

Mzee wetu, pole sana. Pole kwa Damian na ndugu zake, pole kwa Kemondo yote. Mungu ampumzishe Verdiana.

Nasi tulio hai tutafakari. Tulimwomba mzee neno la kuwaachieni. Akasema:

"Daktari akikupa dawa, mwambie akupime kwanza. Akikasirika, mwache akasirike."