Majibu ya Damu

Benchi la Njoro halina mwenyewe. Ni ubao mmoja mpana uliong'olewa kwenye ghala la kahawa lilipofungwa, ukawekwa juu ya matofali mbele ya duka la mbegu, na kila anayeukalia ana mahali pake. Kulia hukaa Athanas, fundi viatu, anayeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Katikati hukaa Vedastus, aliyetoka Bukoba akiwa kijana kuja kuchochea moto wa boila kiwandani. Kiwanda kikauzwa, yeye akapunguzwa, likabaki jina la Boila. Kahawa ni ya Meku Eliakim, mzee mwenye mibuni yake huko Uru, ambaye husema alianza kuinywa bei ilipoanguka, maana zamani kuinywa ilikuwa sawa na kunywa ada ya mtoto. Mwisho wa ubao, karibu na mfereji, hukaa Filemon. Wanamwita Tone, kwa kuwa miaka mitatu alipita nyumba kwa nyumba akiomba tone la damu. Alhamisi hiyo, tarehe kumi na nne Machi mwaka 2002, Tone alifika saa nne asubuhi, saa ambayo mwenye kazi hafiki kijiweni, na koti lake lilinuka plastiki iliyoungua.

— Umechoma nini wewe? Boila aliuliza. Au siku hizi maabara mnachoma mishikaki?

— Nipe kahawa, Meku, Tone alisema.

— Shikamoo yangu umeiacha wapi?

— Shikamoo, Meku. Nisamehe.

— Marahaba. Kaa, unywe.

Alikaa. Kikombe kilikuwa cha moto lakini hakukiweka chini. Wote watatu walijua anachongoja, kwani walikuwa wakikingoja pamoja naye tangu Novemba. Hospitali ndogo ya misheni kule juu, ambako alifanya kazi, ilipewa ruzuku na wafadhili wa nje ili iweze kufanya utafiti wake yenyewe, isiwe ya kupeleka damu ya watu kupimwa kwa wenzake. Likajengwa jengo la maabara. Zikaja hadubini mbili, likaja friza refu kama kabati la nguo, na vijana wawili wakapelekwa kusoma. Swali lilikuwa moja: kwa nini watoto wadogo wa huku mlimani na wa kule Chekereni kwenye mpunga wanaishiwa damu, na wengine wanakufa hata baada ya kutibiwa malaria. Miaka mitatu ilipoisha jibu lilikuwa bado, wakaomba awamu ya pili, wakawa wanangoja barua.

— Barua imekuja, Waziri alisema. Hakuwa anauliza.

— Imekuja.

— Na?

— Tumekosa.

Boila aligeuka kumtazama vizuri.

— Wametoa sababu?

— Wanasema hospitali haijaonyesha uwezo wa kutosha wa kufanya utafiti.

— Ngoja kwanza. Ile ruzuku si ilikuwa ya kujenga uwezo?

— Ndiyo.

— Kwa wale wasio na uwezo?

— Ndiyo.

— Na mmenyimwa kwa sababu hamna uwezo.

— Ndivyo walivyoandika.

— Basi mgonjwa amefukuzwa wodini kwa kosa la kuumwa!

Hata Meku alicheka. Tone naye alijaribu.

— Mimi nilisema, Waziri alianza, na alipoanza hivyo hata wapita njia walipunguza mwendo. Kosa ni unyenyekevu. Andiko lenu mliandika kwa heshima mno. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa ninyi mliinama mpaka mkaingia mvunguni wazima wazima, mfadhili akaja, akatazama, akaona kitanda tu. Akaondoka.

— Hilo silo, Boila alisema. Ruzuku ni kuku mgeni, hakosi kamba mguuni. Kamba mnaishika ninyi, lakini ncha ya pili iko Ulaya. Damu si walishaipata? Awamu ya pili ya nini?

— Damu haikwenda Ulaya, Tone alisema.

— Umeiona wapi isipokwenda?

— Ilikuwa kwenye friza. Funguo nilikuwa nazo mimi.

— Tone, ndugu yangu, wewe ni mtu safi, ndiyo maana hukuona. Fikiri. Mzungu anapanda Kibo, akifika nusu anatapika, kichwa kinampasuka. Mpagazi wetu amebeba mzigo wake, na kiti chake, na mayai yake, anapita akipiga mluzi. Tofauti ni nini? Damu! Sasa wanaitaka damu ya mlimani wawauzie watalii wao kwenye vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mtu anafika kileleni na soksi kavu.

— Na damu ya Chekereni? Meku aliuliza. Kule hawapandi mlima wowote.

— Hiyo ni ya kushukia.

Waziri alikuwa amesubiri kwa shida. Aliweka chini kiatu alichokuwa akikishona.

— Hamjui ninyi. Hebu tazameni juu pale, mawingu yakifunguka. Barafu ya Kibo imebaki kama kofia ya mtoto. Imeanza kupungua lini? Hapo ndipo penye jambo. Na friza hilo lililetwa lini? Watu wanaweka chombo chenye baridi kuliko kilele chenyewe, katikati ya migomba, halafu wanashangaa mlima unanyauka! Baridi haiumbwi, inahamishwa. Bandu bandu huisha gogo.

— Kwa hiyo likizimwa theluji itarudi? Boila aliuliza.

— Mwaka mmoja tu, mtaniambia.

— Limezimwa, Tone alisema.

Alisema polepole, kama mtu anayetaja msiba wa mtu mwingine.

— Limezimwa leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimelizima mimi.

— Na damu? Meku aliuliza.

Tone aliinusa mikono yake, akaifuta kwenye suruali.

— Nimeichoma. Kwenye tanuri la taka za hospitali. Kemikali za kupimia ziliisha mwaka jana, tukasema tutapima awamu ya pili. Eliza, yule binti aliyesomeshwa kupima, alikaa bila mshahara miezi sita, akaenda Botswana. Mwenzake naye hakurudi kutoka masomoni. Ukaja mgawo wa umeme, jenereta haina dizeli, damu kwenye vichupa ikayeyuka mara mbili. Damu ikiyeyuka mara mbili haisemi kitu tena. Hata wangetupa hiyo awamu ya pili leo, isingesema kitu.

— Pole, Boila alisema.

— Vilikuwa mia tatu na kumi na nane. Daktari aliniambia nivimimine tu, nisivitazame. Nilikuwa nasoma namba, halafu naweka. Namba nne ni mtoto wa yule fundi cherehani wa Kwa Sadala. Kumi na saba na kumi na nane ni pacha. Nawajua wote. Kitabu kipo, lakini sikihitaji.

Waziri alichukua kile kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini.

— Basi si kosa lako, alisema mwishowe. Wewe ulitumwa na mradi tu. Mjumbe hauawi.

— Huyu hakwenda kama mjumbe, Meku Eliakim alisema.

— Meku, tafadhali, Tone alisema.

— Waache wajue. Huyu Mhaya hajui, na Waziri anajifanya amesahau.

Akamgeukia Boila.

— Sisi tuna jani, linaitwa isale. Umeliona limepandwa mipakani mwa vihamba vyetu vya migomba, na juu ya makaburi ya wazee wetu. Mtu aliyekukosea, hata kama alimwaga damu ya nduguyo, akija kwako na isale mkononi huwezi kumfukuza. Ukimfukuza, unawafukuza waliolala chini yake. Sasa mwanzoni kina mama walimkatalia Tone. Nani atoe damu ya mtoto mgonjwa kwa mtu mwenye kikasha? Nyumba kumi, amepata mbili. Akaenda kukata isale.

— Kwa ajili ya utafiti?

— Alifika mlangoni, jani mkononi, akasema nawaombeni.

— Na wakatoa?

— Wangekataaje?

Tone alikuwa akitazama mfereji. Alikumbuka jinsi daktari mgeni alivyokuja kukagua, akashangaa kuona kwamba kwenye vijiji vya Filemon hakuna aliyekataa hata mmoja. Iliandikwa kwenye ripoti kuwa jamii ilipokea mradi kwa moyo mkunjufu. Kwenye kikao wakampigia Tone makofi. Alikuwa amevaa tai.

— Nilidhani majibu yatatoka, alisema. Meku, nakuapia. Ningekuwa na shaka hata kidogo nisingeligusa lile jani. Niliwaambia, mwaka hautapita, nitarudi mimi mwenyewe, nitawaambia mtoto ana nini. Niliona jengo linapanda, naona watu wanasomeshwa. Ungekuwa wewe usingeamini?

— Ningeamini, Meku alisema. Lakini aliyepeleka isale ndiye anayerudi kulimaliza neno. Hatumwi mtu, haitumwi barua. Umeshakwenda kwa wangapi?

Tone alikizungusha kikombe mkononi.

— Kwa wangapi, mbe?

— Nilianza kupanda leo, baada ya kuchoma. Nilifika kwenye kona ya kanisa. Nikaona moshi wa jiko la nyumba ya kwanza. Nikashuka huku.

— Waambie hela ziliisha, Boila alisema. Watu wanaelewa hela kuisha. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikaelewa.

— Ulielewa? Tone aliuliza.

Boila alikunywa kahawa yake.

— Waambie matokeo yako Dar, Waziri alisema. Kitu kikiwa Dar kila mtu anajua kitachelewa. Hutakuwa umedanganya, utakuwa umeahirisha. Penye nia pana njia.

— Hiyo ndiyo nia? Meku aliuliza.

Walikuwa wakibishana hivyo wakati mwanamke mmoja alipotoka upande wa soko, kikapu kitupu mkononi, vitenge viwili kiunoni. Alikuwa mjamzito, mimba ya miezi saba hivi. Aliwapita, akasimama, akarudi hatua tatu.

— Shikamooni.

— Marahaba, walisema.

— Wewe ni yule baba wa damu.

Tone alisimama. Hakuhitaji kitabu. Mia moja na kumi na mbili, Priska, mama wa Antoni, nyumba yenye mlango wa bluu baada ya daraja la miti, Juni mwaka 2000. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne na hakulia alipochomwa, alimtazama tu.

— Ndiye mimi, mama Antoni. Za nyumbani?

— Za nyumbani nzuri. Nimeshusha ndizi, namshukuru Mungu zimekwisha. Nilikuwa nikuulizie hospitali, ila kule siku hizi kumwona mtu mpaka ulipie daftari.

— Na Antoni?

Aliuliza kwa mazoea ya salamu, na kabla neno halijamaliza kutoka alikwisha kujua.

— Antoni tulimzika Januari ile ya mwaka jana. Alikuwa mweupe mpaka viganja. Walimpa dawa ya malaria, wakampa tena. Haikuwa malaria.

— Pole, mama. Pole sana.

— Nimeshapoa. Mungu ndiye alimtaka.

Aliweka mkono tumboni, si kwa kujionyesha, bali kama mtu anavyoshika mlango usijifunge.

— Sikuja kudai, baba. Ulituomba kwa heshima, tukatoa kwa heshima. Nataka kujua tu, kwa ajili ya huyu. Damu yake ilisema nini? Mwanangu alikuwa na nini?

Waziri aliinama juu ya kiatu. Boila alitazama ndani ya kikombe, kisha akatazama mlima, ambao ulikuwa umefunikwa. Meku Eliakim alishika birika, akaliacha.

— Sijui, mama, Tone alisema.

Alingoja amkemee. Hakumkemea. Aliwageukia wale wengine watatu, uso mmoja baada ya mwingine.

— Basi ni nani anajua?

Priska aliona wamenyamaza, akadhani wanafikiri. Akaweka kikapu chini, akakusanya vitenge vyake, akakaa mwisho wa ubao kusubiri.