Bi Biubwa na Kichaka cha Chole

Tarehe 30 Juni, Bi Biubwa Faraji, Afisa Mipango Mwandamizi, anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa, eti, mimi ndiye niliyemsumbua kuliko wote. Sibishi.

Alianzia Kisarawe akikagua njia za barabara kwa miguu, kisha akahamia kwetu Kibaha, ofisi ya mkoa. Chai yake haina sukari, na ripoti zake vilevile.

Mwaka jana ukaja mfumo mpya wa kutoa vibali vya miradi mikubwa kwa kompyuta. Nilipelekwa semina ya siku tatu, nikarudi na cheti, begi na majivuno. Nikamweleza Bi Biubwa kwamba kwenda kukagua eneo kumepitwa na wakati, picha za setilaiti zinaonyesha kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaazima kitabu changu cha mwongozo, ambacho nilikuwa nakitumia kuinulia feni.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa njia ya umeme mkubwa kupita kata ya Chole, kulekule Kisarawe. Penye matumizi ya ardhi nikajaza: kichaka, hakitumiki. Tangazo nikaliweka mtandaoni. Siku ishirini na moja zikipita bila pingamizi, kibali hutoka chenyewe. Hadi siku ya kumi na tisa palikuwa kimya, nami nikatangaza ofisini kwamba wananchi wameridhika.

Siku ya ishirini ilikuwa Ijumaa. Bi Biubwa alichapa ramani, akanipakia garini hadi Chole, na baada ya swala akaitandaza kwenye baraza ya msikiti. Bibi mmoja, Mwanamkuu, akatuongoza hadi kichakani. Mimi wa bara, niliyezoea makaburi ya saruji na vigae, niliona miti tu. Yeye akaigusa mmoja mmoja.

“Huu tuliupanda kichwani kwa mama yangu, mwanangu. Huu kwa mume wangu.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulibakiwa na siku moja, na mfumo haupokei pingamizi lisilo na namba ya kiwanja. Makaburi yale hayana namba. Lakini Bi Biubwa alikuwa amesoma mwongozo wote: afisa aliyejaza fomu anaweza kuirudisha mwenyewe, mradi akiri kosa kwa maandishi. Jumamosi asubuhi alisimama nyuma yangu nikiandika kwamba nimekosea. Nilijaribu kuandika “hitilafu ya mfumo”, akaifuta.

Njia ya umeme ikasogezwa mita mia mbili. Hakumsimulia mtu, ndiyo maana nasimulia mimi.

Ahsante, dada yetu. Umetufundisha kazi bila kutuaibisha, hata tulipostahili. Mungu akujalie afya, shamba lenye mvua na wajukuu wasiokuuliza habari za kompyuta. Wiki ijayo naanza mradi wa bomba la maji Maneromango, na bila wewe naogopa, nasema kweli. Fomu sijaigusa. Nakwenda kwanza kuwaamkia wenyeji.