Mafiga ya Bunduki ya Upepo

Kwenye kivuko cha kwenda Mwanza, Bibi Ng'washi aliposikia neno bunduki alikikumbatia kikapu chake cha dagaa. "Ni ya upepo, ya kutoboa karatasi tu," Orwa alikuwa akimweleza abiria wa pembeni, na bibi akashusha pumzi. Orwa akaendelea: "Tangu malaria mkono unatetemeka, na mashindano ni kesho. Nataka egemeo la kuishikilia kwa mbele, la skrubu, linalopanda na kushuka. Zamani usingepata hata moja. Sasa dukani yapo ya miguu minne na ya mitatu, sijui nichukue lipi."

"Minne, kaka! Mbuzi wa miguu mitatu umemwona wapi?" abiria yule akadakia.

Bibi akashindwa kunyamaza. "Mjukuu wangu, chungu hukaa juu ya mafiga mangapi?"

"Matatu, bibi, na hata pasipo sawa hakiyumbi!" Orwa akacheka kama aliyetuliwa mzigo.

Kivuko kiligusa gati, yule abiria akiwa bado anamtetea mbuzi.