Mama Vestine, Kadi Zake na Manjanja Yangu

Tarehe makumi tatu ya mwezi huu, Mama Vestine Uwitonze anaacha kazi ya secrétaire katika shirika letu ya kusaidia wazazi, hapa Nyamitaba, kisha miaka makumi mbili na saba. Comité ilitafuta muntu wa kuandika sifa zake. Wenye diplome wote walikuwa na kazi mingi, njo nikashika kalamu, mimi Papa Magloire, sentinelle, mulinzi wa mulango. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primaire, na ilinitosha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kadi ya kualika watu kwa sikukuu yetu ya mwezi wa munane, pale tunauzisha fromage, ile jibini yetu, na kuku ili maternité, nyumba ya kuzalia, isaidiwe. Picha mbele, maneno nyuma. Mama aliitengeneza kwa akili ya ajabu: rangi tano, na maua kwa kila kona. Mwaka moja maua ilizidi, tarehe ikakosa nafasi. Wageni wakaja siku ya Mungu, jumapili tatu zikifuatana, na kila mara tukapika. Hiyo pia tunamushukuru.

Mwaka jana paa ya maternité ilikuwa imeoza. Wamama walizaa beseni ikiwa juu ya kitanda, kukinga mvua. Mama Vestine akaamua kadi ionyeshe ile tundu, ili muntu akiiona atie mukono mufukoni. Yves, mupiga picha, angekuja asubui, na picha ingeenda Goma siku ileile kuchapwa.

Sasa, kwetu picha ikipigwa, watu wanaoga. Wageni wa mbali watuone na tundu? Mimi, na miaka yangu makumi saba, nikaondoa manjanja sita, mabati ya paa, juu ya nyumba ya jiko yangu, nikapanda juu ya maternité, nikapigilia peke yangu. Kuna walioshika ngazi, lakini ngazi ingesimama yenyewe. Wamama wakavaa pagne za ndoa. Hata beseni ilisuguliwa.

Mama Vestine akafika na Yves. Akaangalia juu, akazunguka nyumba mara mbili.

« Papa Magloire, tundu yangu iko wapi? »

« Tumeifunga, Mama. Hakuna wa kutucheka. »

« Mvua inarudi mwezi wa kenda, na wewe umenifungia tundu. »

« Unaweza kusema asante. »

« Yves, piga huyu muzee wa kichwa nguvu, pamoja na nyundo yake. »

Katika picha niko muzuri, hakuna anayebisha. Lakini nyuma ya kadi, mara ya kwanza, Mama aliondoa maua yote, akaandika: « Manjanja haya ni ya jiko ya sentinelle wetu. Bibi yake anapika chini ya jua na mvua. Mukuje mutusaidie kumurudishia. »

Watu wakatoka Kirotshe, wakatoka Bweremana, wakicheka, wakiuliza huyo muzee ni nani. Mbele ya mvua kurudi, maternité ilikuwa na paa mupya. Comité inasema ni kazi ya Mama. Sawa. Sura iliyo kwenye kadi ni ya nani?

Manjanja yangu ilirudi pia, na matundu ya misumari yangu mwenyewe. Sasa jiko inavuja.

Mama Vestine, shirika inakushukuru, na mimi pia, kwa shida. Ukae na afya, upumzike na maua yako. Ile tundu uliyotafuta iko kwangu. Pita siku ya mvua, bibi yangu atakupikia maharagwe. Beseni, uje na yako.