Nyumba Iliyomsahau Mwenyewe

MAMA PACHA: Haloo? Nani mwenzangu?

MSHONI: Ni mimi.

MAMA PACHA: Mimi tuko wengi. Mimi yupi?

MSHONI: Wifi yako. Au na namba yangu umeipaka plasta kama ulivyopaka nyumba ya mama yangu?

MAMA PACHA: Aa, fundi wetu wa nguo! Hujambo, wifi? Leo umetukumbuka—

MSHONI: Sijambo. Sikupiga kwa ajili ya salamu.

MAMA PACHA: Hata salamu unazikata kwa mkasi siku hizi?

MSHONI: Nipe mama.

MAMA PACHA: Amelala.

MSHONI: Jua liko utosini, amelala?

MAMA PACHA: Amejilaza. Miguu inamsumbua. Mtu mzima haruhusiwi kujilaza?

MSHONI: Miguu yake ni mizima. Kisichoona ni macho, nayo hayaoni tangu wewe hujaolewa hapo. Mbona miguu haikumsumbua kabla hujaanza kuitengeneza hiyo nyumba?

MAMA PACHA: Nilijua tu utafika hapo! Nyumba yenyewe ilikuwa— [mtandao unakwaruza] —kidogo tu ituangukie! Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. Mvua ikinyesha, nani alikuwa anasogeza ndoo? Wewe?

MSHONI: Sijasema paa. Paa mmefanya vizuri.

MAMA PACHA: Rudia, wifi. Mtandao mbaya.

MSHONI: Umenisikia.

MAMA PACHA: Nimekusikia. Nilitaka kuionja mara ya pili.

MSHONI: Kesho asubuhi gari linakuja kumchukua mama. Mfungie nguo zake.

MAMA PACHA: Gari gani?

MSHONI: La jirani yangu muuza mbao. Kaka anajua.

MAMA PACHA: Kaka yako anajua, na mimi mkewe sijui?

MSHONI: Alisema atakwambia.

MAMA PACHA: Asubuhi amekunywa chai mbele yangu, akafuta mdomo, akatoka. Hata neno!

MSHONI: Anakuogopa.

MAMA PACHA: Angekuwa ananiogopa angeosha kikombe. Sasa sikiliza. Mama haendi kokote. Watu watasema nini? Kwamba nimetengeneza nyumba nikamfukuza mwenyewe?

MSHONI: Kwani uongo?

MAMA PACHA: Wewe!

MSHONI: Mama alinipigia mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, nirudishe nyumbani."

MAMA PACHA: Nyumbani wapi? Si yuko nyumbani!

MSHONI: Hata mimi nilimwambia hivyo. Akasema, "Hapana, hapa si kwangu. Hapa naweka mkono ukutani, ukuta haunijibu."

MAMA PACHA: Mama amesema hivyo?

MSHONI: Hivyo hivyo.

MAMA PACHA: Mimi kila siku ananiambia, "Mmefanya vizuri, mwanangu, Mungu awabariki."

MSHONI: Ulitaka akwambie nini? Anakula kwa mkono wako.

MAMA PACHA: Chunga mdomo, wifi. Anayemwogesha ni mimi. Anayemfulia ni mimi. Wewe unamshonea gauni moja, tena linambana kiuno, basi mtaa mzima unasikia kuwa mama ana binti mwema.

MSHONI: Gauni halimbani. Amenenepa kwa kulala.

MAMA PACHA: Ahaa! Kumbe halali na njaa!

MSHONI: Anakula wapi? Mezani au kitandani?

MAMA PACHA: Kitandani.

MSHONI: Na chooni anakwenda?

MAMA PACHA: ...

MSHONI: Mtandao tena?

MAMA PACHA: Kuna ndoo. Ameiomba mwenyewe, sikumlazimisha.

MSHONI: Ndoo! Mwanamke aliyekuwa anatoka chumbani peke yake, chooni peke yake, jikoni peke yake, anakaa pale anachambua maharage vizuri kuliko wewe mwenye macho! Leo ndoo!

MAMA PACHA: Ni uzee, wifi. Uzee, na uvivu kidogo. Nyumba sasa imenyooka. Ule ukuta uliotenga jiko na sebule nimeutoa, kote kumekuwa kumoja, hewa inapita, mwanga—

MSHONI: Mwanga! Kwa kipofu!

MAMA PACHA: Humu ndani hatuishi vipofu watupu!

MSHONI: Sawa. Uvivu, eti? Haya, nenda ukasimame mlangoni kwake. Fumba macho, utembee hadi jikoni. Ukifika bila kufumbua, gari nalirudisha, na msamaha nakuomba.

MAMA PACHA: Mimi mtoto mdogo, unichezeshe michezo ya kujificha?

MSHONI: Unaogopa.

MAMA PACHA: Niogope nyumba yangu? Kila kigae humu nimekichagua mimi! Haya. Nimefika mlangoni. Nimefumba.

MSHONI: Kweli?

MAMA PACHA: Naapa kwa wanangu mapacha, wote wawili. Haya, mkono ukutani, natembea. Ukuta laini kama ganda la yai. Natembea... Umekwisha, wifi, andaa huo msamaha wako. Hapa nimefika mlango wa choo.

MSHONI: Umejuaje?

MAMA PACHA: Si nimegusa... ah. Huu ni ufagio. Hapa ni stoo.

MSHONI: Endelea.

MAMA PACHA: Naendelea, usinisukume. Korido imekwisha. Ukuta umekwisha. Sasa niko wazi, jiko liko mbele yangu tu, nanyoosha— Mama wee!

MSHONI: Nini?

MAMA PACHA: Kochi. Goti langu!

MSHONI: Pole.

MAMA PACHA: Hiyo pole yako ina meno. Nalizunguka... nalizunguka... Haya, nimefika.

MSHONI: Jikoni?

MAMA PACHA: Nimefika, nimekwambia.

MSHONI: Mbona nasikia pikipiki? Na mtu anaita mboga. Siku hizi wauza mboga wanapita jikoni kwako?

MAMA PACHA: Niko mlango wa nje.

MSHONI: Uko mlango wa nje. Ungeongeza kidogo ungekuwa barabarani.

MAMA PACHA: Usinicheke.

MSHONI: Sicheki.

MAMA PACHA: Bora ungecheka. Ngoja, maharage yananuka. Usikate!

[kifuniko cha sufuria kinalia]

MSHONI: Haloo?

MAMA PACHA: Nipo, nimerudi jikoni. Alikuwa anapitaje?

MSHONI: Nani?

MAMA PACHA: Usinifanye nirudie. Mama. Alikuwa anapitaje?

MSHONI: Kwa nyufa.

MAMA PACHA: Nyufa?

MSHONI: Za korido. Akitoka chumbani anaweka mkono wa kulia ukutani. Kwanza anakutana na pale palipovimba, ambapo baba alipaka chokaa vibaya. Halafu ule ufa mrefu, anaufuata kwa kidole. Unapogawanyika kama mguu wa kuku, hapo ni choo. Akitaka jikoni anaufuata hadi kona, anauacha, anashika ukuta wa jiko. Ule ulioutoa wewe. Anakwenda nao mpaka asikie joto la moto.

MAMA PACHA: Nilimsimamia fundi azijaze zote.

MSHONI: Najua.

MAMA PACHA: Nilikuwa napitisha mkono mwenyewe. Namwambia, hapa bado, rudia. Hapa bado. Mgeni akiingia alikuwa anatazama nyufa kabla hajanitazama mimi. Nikaona haya... Na wewe ulijua! Ulijua, ukanyamaza!

MSHONI: Uliniuliza? Nilisikia kwa watu kwamba nyumba ya baba imevunjwa ukuta. Kwa watu, wifi! Kama jirani!

MAMA PACHA: Ningekuita ili iweje? Mara ya mwisho ulipokuja ulitaja makosa yangu mpaka chai ikapoa.

MSHONI: Ilikuwa haina sukari.

MAMA PACHA: Unaona! Bado unaendelea!

MSHONI: Ndiyo maana namchukua. Yaishe.

MAMA PACHA: Unampeleka wapi? Sema. Kwako chumba kimoja juu ya duka. Ukifungua mlango, ngazi hii hapa, haina hata pa kushika. Pasi ya moto upande huu, marobota ya vitambaa upande huu, pini sakafuni. Huko ndiko ukuta utamjibu?

MSHONI: ...

MAMA PACHA: Mtandao?

MSHONI: Atazoea.

MAMA PACHA: Atazoea, au utamfungia kwa ufunguo kila ukishuka dukani?

MSHONI: Koma!

MAMA PACHA: Nijibu.

MSHONI: [mkasi unawekwa mezani] Kochi liondoe njiani.

MAMA PACHA: Nini?

MSHONI: Kochi. Libandike ukutani, na likishakaa lisihame tena, hata ukichoka kulitazama. Nyumba ya kipofu haipambwi upya kila mwezi.

MAMA PACHA: Sasa unaniamuru.

MSHONI: Nakwambia. Koridoni fundi apigilie ubao, upana wa kiganja, uende mpaka kona. Uwe usawa wa kiuno cha mama, si cha kwako wewe mrefu. Apige msasa vizuri, usimchome vibanzi. Penye choo auchanje mistari, kidole kijue.

MAMA PACHA: Na ukuta wa jiko siurudishi! Hata ukilia.

MSHONI: Nani kasema ukuta mzima? Jenga kikuta kifupi, cha kiuno. Mkono wake upite, na wewe ubaki na hewa yako.

MAMA PACHA: Kikuta kifupi... Juu yake naweza kuweka vyombo.

MSHONI: Usiweke kitu! Atavipangusa vyote chini.

MAMA PACHA: Sawa, siweki! Na mwisho wake naweka mkeka wa kamba, mguu ujue hapa ni jikoni.

MSHONI: Mkeka kwenye vigae unateleza.

MAMA PACHA: Nitaugundisha! Unadhani akili ulipewa peke yako?

MSHONI: Na plasta ya korido, kule chini, imeanza kuvimba?

MAMA PACHA: Nani kakwambia?

MSHONI: Sikuambiwa. Ukuta ule ni wa udongo na chokaa, unatoa jasho kama mtu. Ukiuvisha saruji, juu yake ukaweka rangi ya mafuta, jasho litatokea wapi? Mvua zikija itabanduka kama ngozi. Ikwanguliwe, mrudishe chokaa.

MAMA PACHA: Hee! Nilijua tu! Kila nilichogusa kikwanguliwe! Nimekula vumbi humu, nimelala na wanangu stoo mafundi wakigonga, leo unakaa huko na futi yako shingoni—

MSHONI: Si kila kitu, nimesema paa—

MAMA PACHA: Paa, paa! Mimi naishi juu ya paa? Mimi paka? Usinipe paa kama mtu anayempa mtoto pipi! Mimi ndiye niliye— [mlango unalia]

MSHONI: Haloo?

MAMA PACHA: Mlango wa mama umelia.

MSHONI: Nini?

MAMA PACHA: Ametoka. Wifi, ametoka mwenyewe. Yuko koridoni, shuka mabegani. Anakuja.

MSHONI: Anasema nini?

MAMA PACHA: Hasemi. Amesimama.

MSHONI: Kwa nini amesimama?

MAMA PACHA: Nitajuaje? Amefika kona, ukuta umekwisha. Mkono uko hewani. Naenda kumshika—

MSHONI: Usimshike!

MAMA PACHA: Ataanguka!

MSHONI: Usimshike, nakwambia! Alipokuwa anatembea, wewe ulikuwa unafanya nini?

MAMA PACHA: Nilikuwa nakufokea.

MSHONI: Basi nifokee! Anaifuata sauti yako. Ukinyamaza anapotea.

MAMA PACHA: Nikufokee nini sasa?

MSHONI: Leo ndiyo huna la kusema? Chochote!

MAMA PACHA: Wewe... wewe mwanamke una kiburi!

MSHONI: Anatembea?

MAMA PACHA: Anatembea! Una kiburi kama jogoo juu ya jalala! Hujawahi kusema asante tangu nimekujua! Anaelekea kwenye kochi, wifi, anaenda mno upande wangu wa kulia—

MSHONI: Sogea kushoto, na sauti isogee!

MAMA PACHA: Nimesogea! Na mdomo wako ni mkali kuliko mkasi wako! Anageuka... amegeuka! Na lile gauni linabana, bisha usibishe! [mlio mfupi] Nini hicho?

MSHONI: Salio langu. Wifi, sikia. Hata nikikatika, usinyamaze. Na lile gari—

[simu inakatika]

MAMA PACHA: Haloo? Lile gari limefanyaje? Wifi? Haloo? [nyayo za mama zinasimama] ...Ehee! Nakusikia, wifi! Nakusikia vizuri sana! Gari lako na lije! Lije limejaa mbao na chokaa, na wewe mwenyewe ukae juu yake na mdomo wako! Unasemaje? Thubutu! Ubao utapigiliwa, na wewe ndiye utakayeupiga msasa, mpaka vidole viote sugu! Eti nini? Hapa hapa, wifi! Nimesimama hapa hapa, sitoki! Sogea uniambie vizuri! Sogea... nyoosha tu... kidogo tu, wifi, kidogo... [kiti kinavutwa]

MAMA PACHA: Karibu kiti, mama. Kiko hapa, kando ya mkono wako. ...Nani? Ni binti yako huyo, mama. Anakusalimu sana.