Fundi Soksi Avaa Kiatu

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chini ya magari ya watu, fundi wetu mkuu wa breki anastaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu. Sisi wengine, wateja, na hata mkewe akipiga simu gerejini, tunamwita Fundi Soksi.

Jina hilo alilipata kihalali. Kabla ya gari lililotengenezwa breki kutoka hapa, yeye huvua kiatu cha kulia, hukaa kwenye kiti cha dereva, huwasha injini na kuweka mguu wenye soksi juu ya pedali. Hapo kompresa huzimwa, nyundo huwekwa chini, na mwenye soga huimeza. Wateja wageni walidhani anajiandaa kulala. Mkewe naye amelalamika miaka yote kwamba hajapata kuona mwanamume anayetoboa soksi moja tu ya kila jozi.

Karibu sote tuliingia hapa na kosa lile lile: kukanyaga pedali kana kwamba tunaua nge. Tukipampu mara mbili tatu ikawa ngumu, tunatangaza kwamba gari limepona. Fundi Soksi alitukatalia katakata. Pedali laini inayopanda ukipampu, alisema, mara nyingi ina upepo kwenye mabomba, na upepo hutolewa. Lakini ile inayozama polepole huku umeikanyaga kidogo na kutulia ina jambo jingine. Kama mafuta hayavuji popote nje, basi mipira ya ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imechoka na mafuta yanarudi kimyakimya. Ukikandamiza kwa nguvu, mipira hiyo hujibana na kukuficha ugonjwa.

Kuna gari la wagonjwa tulilolitoa upepo mara mbili, dereva wake akiwa juu juu kwa haraka. Fundi Soksi akavua kiatu, akakanyaga taratibu, na pedali ikaenda mpaka sakafuni. Akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Dereva alifoka, meneja alibembeleza. Yeye akasema mgonjwa anaweza kutafutiwa gari jingine, lakini breki haitafutwi njiani. Masta silinda ikabadilishwa, na tangu siku hiyo dereva yule hataki kuguswa gari na fundi mwingine.

Sasa niseme lililo zito. Kisukari kimemwandama fundi wetu kwa muda, na daktari alishamwonya kuhusu miguu kufa ganzi. Mwezi wa pili mwaka huu alikagua gari dogo la mama mmoja, wanawe wakisubiri kwenye benchi na mabegi yao ya shule. Akakanyaga, akatulia, akasema imesimama, yaani haizami. Alikuwa anafunga kamba za kiatu alipoganda. Hakuwa ameisikia ile michirizi ya mpira wa pedali chini ya soksi. Akamwita dada yetu, fundi mwenzetu anayefanya kazi jirani naye, akamwomba arudie. Dada akavua kiatu, akakanyaga. Pedali ilikuwa inazama.

Watoto wale waliendelea kuvutana mabegi.

Wiki ile ile aliomba kustaafu, ingawa muda wake ulikuwa haujafika. Meneja alimsihi abaki kama msimamizi. Alijibu kwamba hajawahi kuruhusu kitoke hapa kitu asichokiamini, na sasa hauamini tena mguu wake. Iliniuma, na bado inaniuma. Miezi hii yote amekaa kiti cha abiria, akimfuatilia kwa jicho kali dada aliye kwenye pedali. Wiki iliyopita nilimwona Fundi Soksi amefumba macho, akisubiri tu jibu la dada.

Fundi Soksi, tunakushukuru kwa niaba ya wote waliofika makwao salama bila hata kujua kwamba upo.

Leo, hotuba zikiisha, gari la gereji litakupeleka nyumbani. Umeomba jambo moja tu: dada alikague kwanza. Tutazima kompresa. Atavua kiatu, atakanyaga taratibu, nasi tutanyamaza kama tulivyokunyamazia wewe. Akisema imesimama, kaa nyuma na mkeo, viatu vyote viwili miguuni. Maisha yako ya mbele yawe marefu na yenye utulivu, kaka yetu. Nenda salama.